Siku Bi Somoe Alipofukiza Korosho

Mmekuja hapa kwangu Chanika mara kadhaa, nyie vijana wa kikundi, mkitaka niwafundishe jinsi ya kuuza korosho nje ya nchi. Kila mara mnaniuliza habari za vibali, za mashine, za namna ya kumpata mnunuzi kwenye mtandao. Mimi nikianza kuzungumzia pua, naona mnatazamana. Mmoja wenu hata aliaga akasema ana dharura. Sikukasirika sana. Nimeamua kuyaandika ili msome kwa wakati wenu, maana kwenye karatasi mzee hawezi kukatizwa.

Nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha kubangua korosho huku Mbagala, kiwanda ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe bado wapo na wana watoto. Kazi yangu ilikuwa kukata, kunusa na kutafuna. Asubuhi unachukua korosho kutoka kila sinia, unazipasua kwa kisu kidogo, unatazama rangi ya ndani, unanusa, kisha unatafuna polepole na kutema. Ukimeza unashiba, na aliyeshiba huona kila kitu ni kitamu.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Chitanda, mtu wa Newala, mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Kwake yeye siku ya kazi haikuanzia kiwandani, ilianzia nyumbani. Hakuna kitunguu kibichi, hakuna sigara, hakuna sabuni ya kunukia. Jumatatu moja baada ya Pasaka nilikwenda kazini nimejipulizia marashi aliyonizawadia shemeji yangu, nikijiona bwana harusi. Mzee Chitanda hakunigombeza. Aliniashiria nikakae uani juani na akanisahau huko mpaka adhuhuri, wanawake wa kiwandani wakipita na kuniuliza nimeposa wapi. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa sabuni ya kipande, na mke wangu amevumilia mengi.

Sababu yake ni hii. Korosho imejaa mafuta, na mafuta hayana siri, hushika kila kinachopita karibu. Ukiiweka kwenye gunia lililobeba dagaa, itanuka dagaa. Kuna mwaka tulipakia kwenye kontena lililokuwa limebeba sabuni za unga, limefagiliwa likang'aa, na mzigo ukakataliwa huko ulikokwenda kwa sababu kila punje ilikuwa na ladha ya nguo zilizofuliwa. Mlaji wa mbali hajui kwamba uliamka alfajiri, hajui kwamba ulisali kabla ya kufunga mlango wa kontena. Anajua kile alichokitia mdomoni tu. Vijana, mkishika hilo peke yake, safari zenu za hapa kwangu hazitakuwa za bure.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hamkuniuliza, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sisi watu wa kusini tumelima korosho tangu babu zetu, lakini kwa miaka mingi nyingi yake imeondoka ikiwa bado ndani ya ganda lake gumu. Inapakiwa melini, inakwenda India, inakwenda Vietnam, huko inapasuliwa na kumenywa na mikono ya watu wengine. Mimi nimeikuta korosho ya aina hiyo katika duka kubwa kule Mbezi Beach, imerudi kwenye mfuko wa kumeremeta, na muuzaji akanieleza kwamba ni bidhaa bora kutoka nje. Nilimshukuru, nikairudisha kwenye rafu. Tukiuza korosho na ganda lake tunauza na kazi iliyomo ndani, yaani ada za shule, mabati na matibabu ya mtu fulani wa Mbagala, tunavipakia vyote na kuvipungia mkono.

Kwa hiyo vile viwanda vichache vilivyobangua hapa hapa vilikuwa kitu kikubwa kwetu. Chetu kilikuwa na wanawake wengi, wengi wao kutoka Lindi, Kilwa na Mtwara, waliohamia Temeke wakiwafuata waume zao, kisha waume wengine wakatoweka na wao wakabaki. Kubangua ni kazi ya kuumiza. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta meusi yanayounguza ngozi, hivyo mbanguaji hujipaka mafuta ya nyonyo mikononi kabla hajaanza na kila baada ya muda. Wakishabangua, korosho hukaushwa, halafu humenywa ile ngozi nyembamba ya ndani kwa vidole na kisu butu. Hapo ndipo penye ufundi. Ukibonyeza kidogo tu inapasuka, na korosho iliyopasuka hushuka daraja.

Kiongozi wa wamenyaji alikuwa Bi Somoe. Mtu wa Kilwa, mrefu, mtaratibu, sauti yake ya chini kiasi kwamba ilibidi wengine wanyamaze ili wamsikie, nao walinyamaza. Alikuwa na umri wa kumzaa meneja wetu. Alinizidi na mimi, na nilimwamkia kila asubuhi. Msichana mgeni akipasua korosho, Bi Somoe hakusema neno. Alikuja kukaa karibu yake na kumenya taratibu, yule msichana atazame mpaka aelewe. Wapo leo wanawake wenye vibanda vyao vya korosho Mbagala nzima waliojifunzia ubavuni pake.

Meneja tumwite Bwana Elibariki. Alitoka Kaskazini, kijana msomi, mchapakazi, wala hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na hofu tu, na mtu mwenye hofu huwa na haraka. Wenye kiwanda walikuwa wamemwambia wazi kwamba wamechoka. Walitaka kufunga sehemu ya kubangua na kumenya, wabaki na ghala, wanunue korosho ghafi na kuzisafirisha vilevile zilivyo, kama wengine. Jambo hilo likitokea, Bi Somoe na wanawake wake wote wangekwenda nyumbani.

Ndipo tukapata habari za mgeni kutoka Vietnam.

Mniruhusu niwaeleze jambo kuhusu nchi ile, kwa sababu redioni mnasikia tu maneno makubwa ya ushirikiano wa kimataifa. Vietnam ilikuwa maskini kama sisi, tena imetoka vitani. Walianza kwa kubangua kwa mikono, kisha wakatengeneza mashine zao, kisha wakawa wanunuzi wa korosho za Afrika nzima. Sasa mambo yao yalikuwa yanabadilika tena. Vijana wao walikuwa wanakimbilia viwanda vya simu na viatu, na mtu wa kumenya korosho alikuwa hapatikani kirahisi. Kampuni moja huko ikapata wazo la kununua kwetu korosho zilizokwisha menywa, wao wamalizie kuzichoma na kuzifungasha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kuona mtu wa nje akija kutafuta kazi yetu pamoja na zao letu.

Mgeni mwenyewe aliitwa Bi Lan. Siku moja kabla hajafika, Bwana Elibariki alitukusanya uani akatuambia kwamba kila kitu kinategemea kesho. Akasema anataka mgeni akiingia tu ajue amepokelewa. Alisisitiza hilo neno la kupokelewa. Mimi nikaelewa kuwa tupige deki na kuvaa makoti safi. Bi Somoe alielewa kama mwanamke wa Kilwa anavyoelewa.

Alasiri, mimi nilipokwisha ondoka, alichukua chetezo chake, akatia makaa, akatia udi mzuri, ule wa sikukuu, akazunguka nao stoo kubwa mlimokuwa na masinia ya korosho zilizomenywa zikisubiri kufungashwa. Alipita kila pembe. Kwa watu wa pwani hakuna heshima ya mgeni inayozidi hiyo. Nyumba isiyofukizwa ni nyumba isiyomtarajia mtu.

Asubuhi nilifungua mlango wa stoo, nikasimama kunusa. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipasua korosho ya sinia la kwanza, nikanusa, nikatafuna. Udi. Sinia la pili, udi. Nilikwenda upande wa nyuma, huko haikuwa kali sana, ungeweza kujidanganya, lakini ilikuwepo. Nikamwita Bwana Elibariki. Alikuja mbio, akasimama pale mlangoni akivuta pumzi, akakaa chini juu ya gunia tupu.

Haraka yake ikaanza kufanya kazi. Tulikuwa na stoo ndogo ng'ambo ya uani, yenye korosho za wiki ile, ambako udi haukufika. Akasema mgeni apelekwe stoo ndogo, aonje za huko, na stoo kubwa ifungwe, aambiwe mna ukarabati. Baadaye tutachanganya zote, na harufu itakuwa imekwisha njiani. Nilimwambia haitakwisha. Ndani ya mfuko uliofungwa harufu haina pa kwenda, inazama ndani zaidi, na huko mbele wataifungua na kuikuta inawangoja. Akaniuliza kama nina wazo bora. Bado tunabishana, gari la mgeni likapiga honi getini.

Bi Lan alikuwa mama wa makamo, mwembamba, nywele fupi, viatu vya raba. Alitusalimia kwa Kiswahili alichojifunza kwenye ndege, akamwambia askari wa getini “asante” badala ya “hujambo”, na askari akajibu karibu. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kazini, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko waliosoma. Nilipomwona anaomba maji ya kusukutua kabla hajaonja chochote, nilijua tumepata mtu wa kazi. Mikononi, karibu na kucha, alikuwa na alama za zamani za mafuta ya korosho. Wanawake wetu waliziona kabla yangu, wakaanza kunong'onezana.

Stoo ndogo aliipenda. Alitafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazipanga korosho nzima kwenye kiganja na kuzihesabu kwa lugha yake. Halafu akauliza mlango ule mwingine ni wa nini. Bwana Elibariki akaanza habari za ukarabati. Lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka upande ule, na pua ya Bi Lan ilikuwa imeshageuka. Akatembea mwenyewe hadi pale, akasimama mbele ya mlango uliofungwa.

Akaniambia, “Huu mti ni wa kwetu. Kwetu tunawafukizia marehemu wetu.”

Nilitafsiri. Mimi mwenyewe sikuwa nikijua. Udi ule Bi Somoe aliununua Kariakoo kwa mtu aliyeupata Dubai, na kumbe huko nyuma kabisa uliwahi kutoka katika misitu ya upande wa yule mama. Bwana Elibariki akafungua mlango, hakuwa na la kufanya. Bi Lan akaingia, akaonja masinia ya mbele, akayasukuma pembeni moja baada ya jingine. Alipofika nyuma, kule ambako harufu ilikuwa imefifia, alitafuna, akafikiri, akatafuna tena. Kisha akasema haya ya nyuma ni mazuri, atayachukua pamoja na yale ya stoo ndogo.

Niliona mabega ya meneja yakishuka. Nusu ya mzigo ilikuwa imeokoka.

Hapo Bi Somoe akatoka katikati ya wanawake. Alikuja hadi alipo mgeni, akasimama, akaniambia nitafsiri neno kwa neno.

“Mwambie hayo ya nyuma asichukue. Mie ndiye niliyefukiza, na nilianzia huko huko nyuma. Chetezo nilikiweka chini ya hayo masinia. Leo hayanuki sana kwa kuwa dirisha liko wazi, yakifungwa yatanuka.”

Bwana Elibariki alinitazama kwa macho ya kuniomba. Nilitafsiri kama nilivyoambiwa. Sikuona namna nyingine, yule mama amesimama mbele yangu. Na jambo moja naliandika hapa kwa sababu yeye hakulisema wakati ule wala baadaye: hakueleza kwamba meneja ndiye aliyeagiza mgeni apokelewe. Alisema “mie” akaishia hapo.

Bi Lan alimgeukia Bi Somoe. Akauliza ni nani huyu. Nikamwambia ni kiongozi wa wamenyaji. Akamwomba waende pamoja, na wakazunguka stoo nzima, wawili hao na mimi nyuma yao, Bi Somoe akigusa sinia na kusema hili ndiyo, hili hapana. Hakulitetea hata moja. Wakatoka nje, Bi Lan akamwambia Bwana Elibariki kwamba atachukua za stoo ndogo tu kwa majaribio, na zikifika salama ataagiza nyingine. Kazi ya kumenya ikawa imepona, angalau kwa msimu.

Kesho yake asubuhi, mbele ya wanawake wote uani, Bwana Elibariki alimwachisha kazi Bi Somoe.

Alisema hasara ya stoo kubwa lazima iwe na mtu. Alisema na wenye kiwanda walitaka hivyo, na huenda ni kweli. Nilimfuata ofisini, nikamkumbusha maneno yake mwenyewe ya kupokelewa. Akanijibu kwamba hakumwambia mtu yeyote awashe moto ndani ya stoo ya chakula, na kwa kanuni alikuwa sahihi, ndiyo maana nilitoka pale nikiwa na hasira isiyokuwa na pa kushika. Wanawake wengine walitaka kugoma. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyewazuia. Aliwaambia kwamba ukweli aliousema jana hakuusema ili wao wakose kazi leo. Akakunja khanga yake, akaondoka kwa miguu kuelekea Charambe alikokuwa akiishi, na siku ile chumba cha kumenyea kilikuwa kimya kiasi cha kusikia visu.

Korosho za majaribio zilifika salama. Ikaja oda nyingine, na baada yake nyingine kubwa zaidi. Wenye kiwanda wakaacha habari za kufunga, wakaleta na mashine ya kupanga rangi, ile yenye kamera ndani, ambayo mnanisumbua niwaelekeze bei yake. Waliajiri wanawake zaidi. Bwana Elibariki alisifiwa kwenye mikutano, akapiga picha na maofisa. Mimi nilipita Charambe mara kwa mara. Bi Somoe alikuwa amepanda mchicha nyuma ya nyumba, akiuza kwa majirani. Aliuliza habari za kila msichana kwa jina. Habari za meneja hakuuliza, na mimi sikumpa.

Msimu uliofuata Bi Lan akarudi, safari hii kwa ajili ya mkataba wa muda mrefu. Alikagua mashine, akanywa chai, akacheka na watu. Kisha akauliza yuko wapi yule mama. Bwana Elibariki akajibu kwamba alistaafu, amekwenda kupumzika kwao Kilwa. Bi Lan akageuka kwangu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba yuko Charambe, hatua chache kutoka pale, na kwamba aliachishwa kazi siku ya pili baada ya kumwambia yeye ukweli.

Bi Lan aliweka kikombe chini. Maneno aliyosema baadaye nilitakiwa kumtafsiria mhasibu wetu aliyekuwa nasi mle ofisini, ndiyo maana nayakumbuka vizuri. Alisema, “Mimi nikiwa Vietnam sioni masinia yenu. Nahitaji mtu mmoja hapa wa kuniambia kile nisichoweza kukiona. Nilidhani ninaye.” Kisha akasema mkataba ungoje, yeye anarudi hotelini, na kama kuna habari apigiwe simu.

Vijana wangu, mnanisikia nikizungumzia biashara ya dunia, mnafikiri ni meli na bandari. Vyote hivyo vipo. Lakini mimi niliyekaa humo naona kwamba mwisho wa yote nchi maskini inapotaka kuuza kazi ya mikono yake kwa watu wa mbali, inauza pia neno la mtu fulani ambaye hawatamwona tena. Sisi neno hilo tulikuwa nalo na tukalifukuza getini. Inaniuma mpaka leo ninapoandika.

Bwana Elibariki akanituma nimlete yule mama. Nilimkuta Bi Somoe anamwagilia mchicha. Nilimweleza yote, kurudi kwa mgeni, mkataba, kwamba anaitwa arudi kwenye nafasi yake. Aliendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha.

Kisha akaniuliza, “Wananitaka mie, Bonifasi, au wanamtaka mgeni?”

Akaniambia nirudi salama. “Kama aliyenifukuza mbele ya watu ana neno,” akasema, “nyumba anaijua, na kama haijui utamwonyesha wewe.”

Nilirudi nikayafikisha maneno hayo, nikitarajia meneja awake. Hakuwaka. Alikaa akitazama uani, wasichana wakipita na masinia. Nadhani alikuwa akifikiria mkataba, na nadhani pia alikuwa akimfikiria mama yake, kwa sababu ghafla aliniuliza Bi Somoe ana umri gani. Nilipomwambia, akachukua ufunguo wa gari. Wasichana wawili watatu waliosikia wakapanda nyuma bila kuulizwa, na hakuwashusha.

Gari halifiki mpaka nyumbani kwa Bi Somoe, mnaliacha barabarani na kuingia kwa miguu. Majirani walitoka kutazama. Yeye alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, na alipotuona hakusimama. Bwana Elibariki alifika kwenye kizingiti cha baraza, akavua viatu vyake vya ofisini, akavishika mkononi kama hajui aviweke wapi. Miaka yote ya pale kiwandani sikuwahi kumsikia akimwamkia. Bosi hamwamkii mfanyakazi wake, ndivyo alivyokuwa amejiwekea, na sisi tulikuwa tumezoea.

Akainama. “Shikamoo, mama.”

Bi Somoe akamtazama usoni, akawatazama wasichana waliosimama nyuma yake, kisha akamrudia.

“Marahaba, mwanangu.”

Alimwambia akae, naye akakaa mkekani na suti yake. Meneja alisema ya kusema, kwamba alikosea, kwamba yeye ndiye aliyeagiza, kwamba arudi. Alisema wale wasichana wakisikia. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Kisha akamwambia kazini hatarudi. Mikono imechoka na mchicha unamtosha. Akamwita Zainabu, mmoja wa wale waliokuja nasi, msichana ambaye Bi Somoe alikaa karibu yake akimenya tangu siku yake ya kwanza kiwandani, akamshika mkono na kumweka mbele ya meneja.

“Mpeleke huyu kwa mgeni,” akasema. “Huyu atamwambia hapana hata wewe ukiwa umesimama pale.”

Bwana Elibariki akamtazama Zainabu, Zainabu akatazama chini. Halafu meneja akasema ndiyo.